Wachina katika Nchi ya Shaba

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na shaba tele lakini haina bahari. Madini yaliyochimbwa Kitwe, Mufulira, Luanshya na Chingola, katika eneo linaloitwa Ukanda wa Shaba, ndiyo yaliyoiingizia nchi karibu fedha zake zote za kigeni, nayo yalisafirishwa zaidi kwa reli ya kusini, iliyopita Rhodesia hadi bandari ya Beira, ambayo bado ilikuwa mikononi mwa Wareno. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wakajitangazia uhuru wa Rhodesia. Serikali ya Kenneth Kaunda ikajikuta inamtegemea adui kwa shaba inayotoka na kwa mafuta yanayoingia. Mapipa ya mafuta yakaanza kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara ambayo kwa wingi wa ajali zake ilipachikwa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililofika Ndola mwaka 1968, lilipunguza adha hiyo, ila shaba haipiti kwenye bomba.

Reli ya kuelekea Bahari ya Hindi kupitia Tanzania ilikuwa imewaziwa zamani. Wataalamu wa Benki ya Dunia waliipima wakaikataa kwa hoja kwamba mzigo hautatosha kuilipia, na serikali za Magharibi hazikuonyesha hamu. Rais Julius Nyerere wa Tanzania alikwenda Beijing Februari 1965, na Kaunda akafuata mwaka 1967. China ya wakati huo ilikuwa nchi maskini, tena iliyokuwa ikitikiswa na Mapinduzi ya Utamaduni. Lakini ilikuwa imetengwa na Wamarekani, imegombana na Wasovieti, na ilihitaji marafiki. Tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ulitiwa saini mjini Beijing. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Hapakuwa na sharti la kuuza mgodi wala kukodisha bandari. Faida ya China ilikuwa ya kisiasa, na haikuchelewa: Oktoba 1971 kura za nchi za Kiafrika, zikiwemo za Tanzania na Zambia, ziliisaidia kukalia kiti chake Umoja wa Mataifa.

Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Reli hiyo, inayojulikana kama TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote ni ile ya Mlimba hadi Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero kuelekea nyanda za juu kwa kutoboa milima na kuruka makorongo. Mahandaki mengi ya reli nzima yako hapo. Wachina waliofanya kazi hiyo kwa nyakati mbalimbali walikuwa kati ya 30,000 na 50,000, pamoja na Watanzania na Wazambia wengi kuwazidi. Zaidi ya 60 kati ya wageni hao walifia kazini, na wengi wao wamezikwa katika makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Mpango wa fedha wa reli hiyo uliwagusa wananchi kwa namna ambayo leo imesahaulika. Mishahara ya vibarua na gharama nyingine za ndani zilihitaji shilingi na kwacha, ambazo China haikuwa nazo. Ikakubaliwa kwamba China ilete bidhaa kwa mkopo, ziuzwe katika maduka ya umma ya Tanzania na Zambia, na fedha zitakazopatikana zilipie ujenzi. Kwa hiyo mama wa Lusaka aliyenunua bidhaa ya Kichina dukani alikuwa, bila kujua, anachangia mataruma ya reli. Kwa familia nyingi za Zambia hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutumia kitu kilichotengenezwa China.

Kazi ilipokwisha, Wachina walio wengi walirudi kwao. Walikuwa wameishi kambini, wakilima mboga zao wenyewe, wakishika sururu bega kwa bega na vibarua, na hawakuacha maduka wala mashamba. Kaunda aliiita China rafiki wa majira yote, na maneno hayo yakawa kama wimbo wa itifaki katika kila ziara ya kiserikali. Taswira hiyo ya Mchina anayejenga na kuondoka ilikaa vichwani mwa watu kwa miaka ishirini, na bila kuikumbuka si rahisi kuelewa hasira iliyokuja baadaye.

Wakati reli inakabidhiwa, shaba ilikuwa tayari imeanza kuanguka. Bei yake ilishuka vibaya mwaka 1975, huku bei ya mafuta ikiwa imepanda. Serikali ilikuwa imechukua asilimia 51 ya hisa za migodi tangu mwisho wa miaka ya 1960, na mwaka 1982 migodi yote iliunganishwa chini ya shirika moja, ZCCM. Shirika hilo halikuwa mwajiri tu. Lilimpa mchimbaji nyumba, likasomesha watoto wake, likamtibu katika hospitali ya mgodi, likatunza barabara na viwanja vya mpira. Hata balbu ya taa ikiungua, fundi wa mgodi alikuja kuibadilisha. Gharama hizo zililipwa na shaba ambayo kila mwaka ilizidi kupungua. Uzalishaji uliokuwa unazidi tani 700,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulishuka hadi karibu tani 250,000 mwaka 2000. Mitambo haikukarabatiwa, madeni ya nje yalirundikana, na mwaka 1991 wapiga kura walimwondoa Kaunda wakamweka Frederick Chiluba, kiongozi wa zamani wa vyama vya wafanyakazi, ambaye kwa kejeli ya historia ndiye aliyeuza migodi.

ZCCM iliuzwa vipande vipande kati ya 1997 na 2000, kwa shinikizo kubwa la Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na nchi wafadhili. Muuzaji mwenye njaa hapangi bei. Mikataba ya wanunuzi iliwapa nafuu kubwa, ikiwemo mrabaha wa asilimia 0.6 tu ya thamani ya madini kwa wengi wao. Wanunuzi walitoka Uingereza, Kanada, Uswisi, Afrika Kusini na India. China ilipata kipande kimoja: mgodi wa Chambishi, uliokuwa umefungwa tangu 1987 na kujaa maji. Mwaka 1998 shirika la serikali ya China linaloshughulika na madini yasiyo ya chuma, CNMC, lilinunua asilimia 85 ya mgodi huo kwa dola milioni 20, asilimia 15 zikabaki kwa Zambia. Kampuni iliyoundwa ilipewa jina la NFC Africa Mining. Ulikuwa mgodi wa kwanza wa madini ya aina hiyo kumilikiwa na China nje ya mipaka yake, na shaba yake ilianza kutoka tena mwaka 2003.

Kwa mji wa Chambishi hiyo ilikuwa habari njema, maana ajira ilirudi mahali ilipokufa. Lakini ajira yenyewe haikuwa ile ya ZCCM. Katika miaka ya mwanzo ni wachache mno kati ya wafanyakazi zaidi ya 2,000 waliokuwa na ajira ya kudumu. Wengine walikuwa vibarua au watu wa mikataba mifupi, na mishahara ilikuwa ya chini kuliko migodi mingine yote ya Ukanda wa Shaba. Manyapara wa Kichina na wachimbaji wa Kibemba walielewana kwa ishara na maneno machache ya Kiingereza, hali ambayo chini ya ardhi ni hatari tupu. Tarehe 20 Aprili 2005 kiwanda cha baruti kilichokuwa ndani ya eneo la mgodi, ambamo kampuni hiyo ilikuwa na hisa, kililipuka. Zambia ilipoteza zaidi ya watu 40 siku hiyo, wengi wao vijana, katika ajali mbaya kuliko zote zilizotokea katika sekta ya madini ya nchi hiyo kwa miongo mitatu. Julai 2006 wafanyakazi waliokuwa wakidai nyongeza ya mishahara waliandamana kwa fujo mgodini, na kadhaa wakapigwa risasi.

Uchaguzi mkuu ulikuwa miezi miwili mbele. Michael Sata, mwanasiasa mwenye ulimi mkali aliyekuwa amewahi kuwa waziri wa Chiluba, aliona mapema kwamba hasira ya Chambishi inaweza kugeuzwa kura. Aliwaita Wachina wavamizi badala ya wawekezaji, na akadokeza kwamba atashirikiana na Taiwan. Balozi wa China, Li Baodong, akatamka hadharani kwamba Sata akishinda na kuitambua Taiwan, uhusiano wa kibalozi utavunjika. Ni nadra balozi wa China kuingilia uchaguzi wa nchi ya Kiafrika kwa uwazi kiasi hicho, na maneno yake pengine yalimsaidia Sata kuliko yalivyomdhuru. Sata alishindwa na Rais Levy Mwanawasa, lakini alishinda Lusaka na miji ya Ukanda wa Shaba, na matokeo yalipotangazwa vijana walishambulia maduka ya Wachina mjini Lusaka. Februari 2007 Rais Hu Jintao alipoitembelea Zambia kuzindua eneo maalumu la kiuchumi la Chambishi, la kwanza la aina hiyo kuanzishwa na China barani Afrika, safari yake ya kwenda Ukanda wa Shaba ilifutwa. Uzinduzi ulifanyikia Lusaka, mamia ya kilomita kutoka kwenye eneo lenyewe.

Huko Kabwe kulikuwa na kilio cha aina nyingine. Kiwanda cha nguo cha Mulungushi, kilichojengwa kwa msaada wa China kama Urafiki wa Dar es Salaam, kiligeuzwa kuwa ubia wa Zambia na China mwaka 1997. Kilinunua pamba ya wakulima, kikasokota, kikafuma na kushona. Kufikia 2007 kilikuwa kimesimama, kikishindwa kupambana na salaula, kama Wazambia wanavyoita mitumba, na nguo za bei poa kutoka China hiyo hiyo. Serikali ya China ilikuwa mbia wa kiwanda, na viwanda vya nchi yake vilisaidia kukiua.

Mwaka 2008 mambo yaligeuka kwa namna isiyotarajiwa. Bei ya shaba, iliyokuwa imevuka dola 8,000 kwa tani, ilianguka chini ya dola 3,000 kabla ya mwaka kwisha. Kampuni za migodi zilianza kupunguza watu kwa maelfu, na mgodi wa Luanshya ukafungwa kabisa. CNMC ilitangaza kwamba Chambishi hatapunguzwa mfanyakazi hata mmoja, kisha mwaka 2009 ikanunua asilimia 80 ya mgodi wa Luanshya kwa dola milioni 50 na kuwarudisha watu kazini. Mwanasosholojia Ching Kwan Lee, aliyefanya utafiti katika migodi hiyo kwa miaka kadhaa, alieleza tofauti hiyo vizuri. Kampuni binafsi za kimataifa zililipa mishahara mizuri zaidi, lakini zilimtazama mwenye hisa London au Toronto, na bei ikishuka zilifukuza watu. Shirika la serikali ya China lililipa kidogo, likabana posho, lakini lilihitaji shaba yenyewe pamoja na sura nzuri ya kisiasa, kwa hiyo halikukimbia. Mchimbaji wa Zambia alikuwa anachagua kati ya mshahara mnono usio na uhakika na mshahara mwembamba wa kudumu, ingawa kwa kweli hakuna aliyemuuliza anachagua upi. Hata hivyo hali za kazi hazikuboreka haraka. Novemba 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoeleza zamu za saa 12 katika baadhi ya vitengo, hewa mbovu chini ya ardhi, na wafanyakazi waliotishiwa kufukuzwa walipokataa kuingia sehemu za hatari.

Inafaa kukumbuka kwamba China haikuwahi kumiliki sehemu kubwa ya shaba ya Zambia. Migodi mikubwa kuliko yote, Kansanshi na Lumwana ya kaskazini-magharibi, ni ya kampuni zenye asili ya Kanada. Mrabaha wa asilimia 0.6 haukubuniwa Beijing. Wachina walibeba lawama kubwa kuliko fungu lao, na sababu mojawapo ni kwamba walionekana zaidi. Bosi wa kampuni ya Magharibi alikaa ofisini au nje ya nchi. Nyapara wa Kichina alikuwa pale pale shimoni, jioni akaonekana sokoni.

Wengi wa Wachina waliokutana na Wazambia wa kawaida hawakuhusiana na serikali yao hata kidogo. Walikuwa watu waliokuja na mitaji yao midogo, wakafungua maduka ya viatu na vyombo, mashamba ya kuku, mikahawa, viwanda vya matofali. Walipoanza kuuza kuku hai kwenye masoko ya Lusaka, wauzaji wenyeji, hasa akina mama, walilalamika kwamba mwekezaji wa kuku si mwekezaji bali ni mshindani wa machinga. Mnunuzi alikuwa na hesabu yake, kwa kuwa kuku walikuwa wa bei nafuu. Kwa upande mwingine, wafanyabiashara wa Kizambia walijifunza njia ya kwenda Guangzhou wenyewe, na wasio na nauli hiyo walipanda basi kupitia Nakonde na Tunduma hadi Kariakoo, wakarudi na marobota ya bidhaa zile zile.

Mfano mbaya kuliko yote wa mtaji binafsi ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe wa Collum, kusini mwa nchi. Oktoba 2010 wasimamizi wawili wa Kichina waliwafyatulia risasi wachimbaji waliokuwa wakigoma na kuwajeruhi watu 11 au zaidi. Waliposhtakiwa, mwendesha mashtaka wa serikali aliifuta kesi mwezi Aprili 2011, miezi michache kabla ya uchaguzi, na nchi nzima ikasikia. Septemba mwaka huo Sata alishinda urais. Waliotarajia awafukuze Wachina walishangaa: aliwaandalia chakula cha mchana Ikulu na kumtuma mzee Kaunda Beijing kuwatuliza wenyeji wake wa zamani. Alichofanya ni kupandisha mrabaha na kima cha chini cha mshahara. Agosti 2012 wachimbaji wa Collum, wakidai kima hicho kipya, walifanya ghasia ambamo msimamizi mmoja wa Kichina aliuawa. Mwaka uliofuata serikali iliifutia kampuni hiyo leseni.

Chini ya Sata na kisha Edgar Lungu, aliyeingia madarakani 2015, uhusiano ulihamia kwenye mikopo. Zambia ilikuwa imesamehewa madeni mengi mwaka 2005 na 2006, na mzigo wake wa madeni ulionekana mwepesi. Iliuza hatifungani za dola milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014 na bilioni 1.25 mwaka 2015, na wakati huo huo ikakopa China kwa ajili ya barabara, umeme, viwanja vya ndege na viwanja vya michezo. Baadhi ya kazi hizo zilibadilisha maisha. Barabara ya Mongu hadi Kalabo, kilomita 34 zenye madaraja 26 juu ya uwanda wa mafuriko wa Zambezi, iliunganisha watu ambao msimu wa maji walitegemea mtumbwi. Bwawa la Kafue Gorge Lower liliongeza megawati 750. Nyingine zilikuwa na bei iliyozua maswali. Barabara ya njia mbili ya Lusaka hadi Ndola iliandikiwa mkataba wa dola bilioni 1.2 na kampuni ya Kichina, ikasimama. Ilipoanza upya mwaka 2023 kwa ubia na sekta binafsi, gharama iliyotajwa ilikuwa dola milioni 650. Kiasi kinachoonekana kuwa kilizidishwa kinawahusu waliosaini pande zote mbili za meza.

Mikataba hiyo ilikuwa ya siri, na siri huzaa uvumi. Mwaka 2017 shirika la utangazaji la taifa liliunda kampuni na StarTimes ya China, Wachina wakiwa na asilimia 60, na watu wakasema televisheni imeuzwa. Desemba mwaka huo polisi waliwaapisha Wachina wanane kuwa askari wa akiba, kisha wakaghairi baada ya makelele ya wananchi. Novemba 2018 uvumi kwamba shirika la misitu limeuzwa kwa Wachina ulizua vurugu Kitwe na maduka yakaporwa, japo halikuwa limeuzwa.

Tarehe 13 Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hatifungani, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kukwama hivyo wakati wa janga la korona. Wenye hatifungani walikuwa wamekataa kuipa muda, kwa sehemu kwa sababu walihofia kwamba nafuu yao itatumika kuwalipa Wachina ambao mikataba yao hawakuiona. Baada ya Hakainde Hichilema kushinda uchaguzi wa Agosti 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikadiria deni la China kuwa dola bilioni 6.6, karibu mara mbili ya kiasi kilichokuwa kikitangazwa. Mazungumzo yalichukua muda mrefu. Juni 2023, mjini Paris, wadai wa kiserikali wakiongozwa na China na Ufaransa walikubali kupanga upya dola bilioni 6.3, ambazo bilioni 4.1 kati yake zilikuwa za benki ya Exim ya China. Malipo yalisogezwa kwa zaidi ya miaka 20 na riba ikashushwa hadi asilimia 1 kwa kipindi cha mwanzo. Deni halikufutwa, na hakuna mgodi uliotwaliwa kwa ajili yake.

Wakati huo TAZARA ilikuwa hoi. Iliyojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000 mwaka 2014/15, huku shaba ikipita Tunduma juu ya malori. Marekani na Ulaya zilipoanza kugharimia njia ya magharibi ya kwenda Lobito, Angola, China ilirudi kwenye njia ya mashariki. Mkataba uliosainiwa Septemba 2025 unaipa kampuni ya Kichina ya CCECC miaka 30 ya kukarabati na kuendesha reli hiyo kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Hiyo ni biashara. Mzigo usipopatikana, anayepata hasara safari hii ni mwekezaji pia.

Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la topesumu la Sino-Metals Leach, kampuni tanzu ya CNMC iliyoko Chambishi, ulibomoka. Maji yenye tindikali na metali nzito yaliingia katika kijito cha Mwambashi na kutoka hapo katika mto Kafue, ambao bonde lake linategemewa na zaidi ya nusu ya Wazambia. Samaki walielea wamekufa, mahindi ya kando ya mto yakaungua, na wakazi wa Kitwe wakakatiwa maji ya bomba. Ndege za jeshi zilimwaga chokaa mtoni ili kupunguza ukali wa tindikali. Kampuni iliomba radhi na ikatoa fidia ambayo wakulima waliiona ndogo. Baadaye mwaka huo wakulima wa eneo hilo walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Lusaka wakidai dola bilioni 80, na miongoni mwa walioshtakiwa ni NFC Africa Mining, kampuni iliyoundwa kwa mauzo ya mwaka 1998.